Mwombaji kwenye mlango wa kanisa: tumpe ao tumpite?

Masomo: Kumbukumbu la Torati 15:7-11, Matendo ya Mitume 3:1-10, Yakobo 2:1-9



Katika mji wetu wa Goma ni vigumu Mkristo afike kanisani siku ya Mungu bila kupita mbele ya mtu anayenyoosha mkono. Wako kwenye Rond-point Signers, wako mbele ya maduka ya Birere, siku ya Ijumaa wako mbele ya msikiti, na siku ya Mungu wako mbele ya makanisa yetu. Kuna vipofu wanaoongozwa na mtoto. Kuna wanaotambaa kwa mikono. Kuna mama aliyebeba mtoto mgongoni. Kuna wale watoto tunaowaita maibobo.

Na sisi tunafanya nini? Mmoja anatoa franka mia moja bila kumtazama anayepokea. Mwingine anageuza uso na kujifanya anaongea kwa telefone. Wa tatu anasema kwa sauti, "Nenda ukafanye kazi!" Na mara nyingine watu wa protokole, wakiona wageni wanakaribia, wanawasukuma waombaji mbali na mlango ili nyumba ya Mungu ionekane safi.

Katika somo hili tutaangalia mambo matatu: hawa wanaoomba ni nani, maneno tunayosema ili tusitoe yana ukweli gani, na namna gani Mkristo na kanisa wanaweza kutoa vizuri.

1. WANAOOMBA NI NANI?

Kosa letu la kwanza ni kuwaweka wote katika gunia moja. Tunasema "waombaji" kama vile ni kabila moja. Ayubu alijitetea kwa kusema kwamba alikuwa baba wa wahitaji, na kwamba shauri la mtu asiyemjua alilichunguza (Ayubu 29:16). Tuchunguze basi.

Kuna walemavu na vipofu. Wengine walishikwa na polio wakiwa wadogo, wengine walipoteza mguu kwa risasi ao bomu la vita. Mji wetu umejengwa juu ya mawe ya volkano. Mtu mzima mwenye miguu miwili anajikwaa, sembuse anayetembea kwa magoti! Chukudu haimsaidii, moto inamwomba bei, na mwenye kazi anamwambia hana nafasi ya kilema.

Kuna wazee na wajane. Zamani mzee alikufa mikononi mwa watoto wake. Leo watoto wamekufa katika vita, ao wamekimbilia mbali, ao wao wenyewe hawana chakula.

Kuna waliokimbia vita. Hawa ndio wengi siku hizi. Mtu wa Masisi ao wa Rutshuru hakuzaliwa mwombaji. Alikuwa na shamba la maharagi, alikuwa na viazi, pengine na ng'ombe. Alikaribisha wageni kwake. Vita ikamfukuza akafika Bulengo, Lushagala ao Kanyaruchinya, akalala chini ya sheeting. Mwanzoni mwa mwaka 2025 kambi hizo za kando ya Goma zilivunjwa, na watu wakaambiwa warudi kwao. Lakini si kila mtu alikuta nyumba ikisimama, ao shamba likiwa salama, ao mbegu za kupanda. Wengine wakabaki mjini, kwa jamaa ao kwenye veranda za watu. Na tusisahau kwamba sisi wenyewe tulikimbia volkano tarehe 17 Januari 2002, na tena tarehe 22 Mei 2021. Siku zile, wengi wetu tulipokea sahani ya chakula kutoka kwa mtu wa Sake, wa Minova, wa Bukavu ao wa Gisenyi ambaye hakutujua. Hakuna aliyetuuliza kwanza kama sisi ni wavivu.

Kuna watoto. Juu ya hawa nitasema zaidi hapa chini.

Na mwisho, kuna wenye nguvu wanaoomba kwa mazoea, na hata wadanganyifu. Hatuwezi kukataa kwamba wako. Kuna anayefunga bandeji juu ya mguu mzima. Kuna mtu mzima anayewatuma watoto wa wengine na kuchukua feza jioni. Biblia inawajua watu wa namna hiyo, tutaona. Lakini kwa sababu ya noti moja ya uongo hatutupi feza zote za mfukoni.

2. MANENO TUNAYOSEMA ILI TUSITOE

"Asiyefanya kazi asile"

Neno hili liko katika 2 Wathesalonike 3:10, na tunalipenda sana. Tulisome vizuri. Paulo anasema juu ya mtu asiyetaka kufanya kazi. Hasemi juu ya asiyeweza, wala juu ya asiyepata. Watu aliowakaripia walikuwa waamini waliokaa bila kazi na kujiingiza katika mambo ya wengine. Na mistari mitatu mbele, katika mstari wa 13, Paulo huyohuyo anawaambia ndugu wasichoke kutenda mema. Kwa nini aliongeza hilo? Kwa sababu alijua kwamba mtu akikutana na mvivu mmoja, anafunga mkono wake kwa wahitaji kumi.

Katika mji ambao hata mwenye diplome anatafuta kazi miaka na miaka, kumwambia kipofu "nenda ukafanye kazi" bila kumwonyesha kazi yenyewe ni kumtukana tu. Kama unaona anaweza kufanya kazi, mpe kazi: kuchota maji, kufua, kupanga kuni, kulima bustani. Na umlipe jioni hiyohiyo (Kumbukumbu la Torati 24:15).

"Mwenye haki haombi chakula"

Wengine wanachukua Zaburi 37:25, mahali Daudi anasema kwamba katika maisha yake hakumwona mwenye haki ameachwa, wala uzao wake ukiomba mkate. Kisha wanahukumu: huyu anaomba, basi ana laana ao ana zambi.

Lakini Daudi aliyeandika hayo ndiye aliyemwomba kuhani Ahimeleki mikate mitano wakati alipomkimbia Sauli (1 Samweli 21:3). Ndiye aliyewatuma vijana wake kwa Nabali kuomba chochote kilichopatikana (1 Samweli 25:8). Daudi anashuhudia uaminifu wa Mungu, hatoi kipimo cha kuwahukumia wenye njaa. Na mstari wa 26 unaofuata unasema kwamba mwenye haki ni mtu wa huruma, anakopesha kila siku. Yaani njia moja ambayo Mungu anatumia ili mtu asiachwe ni mkono wa mwenye haki. Ukifunga mkono wako, halafu ukimwambia mwenzako kwamba ameachwa na Mungu, wewe ndiwe uliyemwacha.

Angalia tena Luka 16. Lazaro alilala mlangoni akiwa na vidonda, akitamani makombo. Alikufa vilevile, na malaika wakampeleka kwa Abrahamu. Katika mifano ya Yesu, yeye ndiye maskini aliyepewa jina. Na tajiri? Hatuambiwi kwamba aliiba ao aliua. Kosa linaloonekana ni kwamba alimwacha mlangoni. Na jambo la kuogopesha ni hili: kule kuzimu tajiri anasema "Lazaro", anamwita kwa jina. Kumbe alimjua siku zote!

"Kuna mtu aliyetenda zambi katika ukoo wao"

Wanafunzi wa Yesu waliuliza swali hilo juu ya yule kipofu wa Yohana 9. Tena kipofu yule alikuwa mwombaji, mstari wa 8 unasema hivyo. Walitaka kujua ni nani aliyetenda zambi, yeye ao wazazi wake. Yesu alikataa njia zote mbili. Ndugu zangu, sisi Wapentekote tunaamini kwamba kuna laana na kuna nguvu za giza, na tunaomba juu yake. Lakini kuona laana katika kila mguu uliolemaa ni kurudi kwenye swali ambalo Bwana wetu alilikataa.

"Ukimpa, anaweza kuchukua nyota yako"

Woga huu unatembea sana katika kartie zetu. Wanasema mwombaji fulani si mtu wa kawaida, ukimpa feza mkononi baraka yako inakwenda naye. Wengine wanasema kinyume: mganga alimwambia mfanyabiashara agawe noti kwa vilema ili biashara yake iende, kwa hiyo kutoa ni mambo ya uchawi.

Jibu ni fupi. Aliye ndani yetu ni mkuu kuliko aliye katika dunia (1 Yohana 4:4). Mkristo hatoi ili anunue bahati, na haachi kutoa kwa kuogopa kupoteza bahati. Anatoa kwa jina la Yesu, basi. Mithali 19:17 inaonyesha kwamba anayemhurumia maskini anamkopesha Bwana mwenyewe. Nani aliwahi kurogwa kwa sababu alimkopesha Mungu?

"Ninapanda mbegu yangu kwa mtumishi wa Mungu, inatosha"

Mimi ni mchungaji, na ninajua kwamba anayehubiri Injili ana haki ya kuishi kwa Injili (1 Wakorinto 9:14). Sitawafundisha kinyume cha hilo. Lakini kama tunafundisha watu kutoa juu tu, kwa wenye vyeo na wenye upako, kwa kungojea mara mia, na hatuwafundishi kutoa chini, tumekata Biblia nusu. Yesu alisema kwamba unapofanya karamu uwaalike maskini, vilema, viwete na vipofu, kwa sababu hao hawana cha kukurudishia, na malipo yako yatakuja katika ufufuo (Luka 14:12-14). Paulo anaeleza kwamba mitume wa Yerusalemu walipompa mkono wa ushirika walimkumbusha jambo moja: awakumbuke maskini. Naye alikuwa na bidii kulifanya (Wagalatia 2:10).

"Sisi wenyewe ni maskini"

Hili ni kweli. Vita imetupiga. Mwezi wa Januari 2025 banki za mji zilifunga milango, na wenye feza zao ndani wakabaki kama wasio nazo. Wafanyakazi wengi hawakupata mishahara, wafanyabiashara wakakosa mtaji. Mchungaji anayewaambia watu mambo ya kutoa bila kuona hayo hana macho.

Basi tusikie 2 Wakorinto 8. Makanisa ya Makedonia yalitoa kutoka katika umaskini wao mkubwa. Lakini katika mistari ya 12 na 13 Paulo anasema kwamba toleo linakubaliwa kufuatana na kile mtu alicho nacho, si kile asicho nacho, na kwamba hataki wengine wapumzike huku ninyi mnateswa. Mama mwenye watoto watano na kikombe kimoja cha unga hana deni la franka kwa kila mkono anaokutana nao njiani. Ana deni la heshima. Salamu haina bei.

3. WATOTO WA BARABARANI NA NENO "MCHAWI"

Hapa, wapendwa, ninaomba tusikilizane vizuri, kwa sababu jambo hili linagusa makanisa yetu.

Mtoto anakuwa maibobo kwa sababu nyingi. Baba amekufa, mama ameolewa na mwingine, na mume mpya hataki mtoto wa mtu. Ao vita imewatenganisha njiani. Ao nyumbani hakuna chakula, na barabarani angalau kuna mifuko ya kubeba. Ao shule: hata tangu serikali ilipotangaza mwaka 2019 kwamba shule ya msingi ni bila malipo, bado kuna madaftari, viatu na uniforme.

Lakini kuna watoto waliofukuzwa kwa sababu mtu mzima alisema: "Huyu ni mchawi." Na mara nyingine neno hilo lilitoka katika chumba cha maombi. Mtoto anakojoa kitandani, wanasema anakwenda usiku. Mtoto ana kifafa, wanasema ana pepo lililomtuma aue. Mtoto ana tumbo kubwa na nywele zimekuwa nyekundu, wanasema amekula nyama ya watu. Wapendwa, kila muuguzi wa santé atawaambia kwamba tumbo la kuvimba na nywele nyekundu ni alama za kwashiorkor, ugonjwa wa kukosa chakula kizuri. Huyo anahitaji maharagi, sambaza na maziwa. Kisha tunamfungisha siku tatu bila kula ili tumfungue! Mtoto aliyekonda kwa njaa, tunamtibu kwa njaa.

Tujue sheria ya inchi. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kuacha watoto, kuwatesa, na kuwashitaki uchawi. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto, katika kifungu cha 160, inatoa kwa anayemshitaki mtoto uchawi azabu ya kifungo cha mwaka 1 mpaka miaka 3, na faini ya franka 200 000 mpaka 1 000 000. Sheria haisemi "isipokuwa nabii". Na ni vizuri kujua jambo lingine. Zamani, dekreti ya wakoloni ya tarehe 6 Desemba 1950 ilimpeleka mtoto anayeomba mbele ya hakimu katika fungu moja na watoto wahalifu. Sheria ya 2009, katika kifungu cha 62, inamhesabu mtoto anayeombaomba, na mtoto anayeshitakiwa uchawi, kuwa mtoto aliye katika hali ngumu, anayestahili ulinzi wa pekee. Wabunge wa dunia hii wameona kwamba mtoto huyo ni wa kulindwa. Kanisa lisiwe la mwisho kuona!

Na juu ya sheria ya watu kuna neno la Bwana. Alimsimamisha mtoto katikati ya wanafunzi wake, akasema kwamba anayempokea mtoto mmoja kama huyo kwa jina lake anampokea yeye, na kwamba anayemkosesha, ingefaa afungwe jiwe la kusagia shingoni na kuzamishwa baharini (Mathayo 18:5-6). Kama mtoto anasumbuliwa kweli na roho chafu, tunamwombea kama Yesu alivyofanya: mchana, mbele ya mzazi wake, bila fimbo, na kisha tunamrudisha kwa baba yake (Luka 9:42). Yesu hakumwacha mtoto yeyote barabarani.

4. TUTOE NAMNA GANI?

Petro na Yoane walipofika kwenye mlango ulioitwa Mzuri, walimkuta mtu mwenye miaka zaidi ya makumi ine, kiwete tangu kuzaliwa, aliyebebwa pale kila siku. Watu wengi walimpita. Mitume walifanya nini kabla ya muujiza? Walimkazia macho, wakamwambia awatazame. Halafu Petro akamshika mkono wa kuume, akamwinua. Na mwisho, mtu huyo aliingia pamoja nao ndani ya hekalu. Hapa tunapata hatua zote.

Kwanza, mtazame na umsalimu. Mwite kama unavyowaita watu wako: papa, mama, mwanangu. Uliza jina lake. Bartimayo alikemewa na watu wengi anyamaze, lakini Yesu alisimama, akaagiza aitwe, na akamuuliza anataka nini (Marko 10:46-52). Hata kama huna kitu leo, sema kwa upole, "Papa, leo sina." Kukataa si zambi. Kutukana ni zambi, kwa sababu anayemdharau maskini anamtukana Muumba wake (Mithali 17:5).

Pili, panga kabla ya kutoka nyumbani. Mtu anayengoja kuguswa njiani atatoa kwa hasira ao kwa haya. Weka kiasi chako cha juma pembeni, hata kama ni franka 500 ao 1000. Kikiisha, kimeisha, dhamiri yako iwe na amani. Boazi hakungoja Ruthu alie. Sheria ilikuwa imemwamuru aache masazo shambani mbele ya wakati (Walawi 19:9-10).

Tatu, toa kitu kinachofaa. Tunajua mchezo huu: noti iliyochanika, ambayo hakuna mwenye butiki anayeipokea, tunampa mwombaji ao tunaikunja vizuri na kuiweka katika kikapu cha sadaka. Malaki 1:8 inawauliza waliomtolea Mungu mnyama kipofu na kilema: jaribu kumpelekea liwali wako, je, atakupokea? Noti ambayo huwezi kumpa motari, usimpe maskini.

Ine, kwa watoto, heri chakula kuliko feza. Feza wananyang'anywa na wakubwa wao, ao inanunua gundi ya kunusa. Mkate ao mandazi yanaliwa palepale. Sabuni, nguo safi, na dawa ya kidonda pia ni vizuri.

Tano, usipige picha. Mtu anatoa kilo mbili za unga, na jioni uso wa mama mwenye njaa uko kwenye WhatsApp ya mji mzima. Yesu alisema mkono wa kushoto usijue mkono wa kuume unafanya nini (Mathayo 6:3). Siku hizi mkono wa kushoto ndio unashika telefone!

Sita, kuwa mwangalifu. Ukiona kundi la vijana linalotaka kukuzunguka, ondoka. Busara si ugumu wa moyo.

5. KAZI YA KANISA

Mtu mmoja akitoa franka, anatuliza njaa ya saa moja. Kumwinua mtu ni kazi ya mwili mzima.

Katika Matendo 6, wajane wa wale waliosema Kigiriki walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakusema, "Tuwaombee tu." Waliagiza wanafunzi wachague watu saba wenye sifa njema, wenye kujaa Roho na hekima. Kugawa chakula kulihitaji watu waliojaa Roho! Na katika 1 Timoteo 5 Paulo anaweka utaratibu: jamaa watunze watu wao kwanza, na asiyetunza wa nyumba yake ameikana imani, halafu kanisa liandike jina la mjane asiye na mtu kabisa. Hapo mdanganyifu anajulikana pia, si kwa matusi mlangoni, bali kwa kutembelewa nyumbani.

Kila kanisa la mtaa linaweza kufanya hivi. Mashemasi wawe na daftari la wahitaji, ndani ya kanisa na mlangoni. Wawatembelee wawili wawili. Wakinamama wanajua likelemba. Likelemba moja kwa mwezi inaweza kumpa mjane mtaji wa makala, wa nyanya ao wa sambaza. Mlemavu anayejua kushona anahitaji mashine, si mahubiri juu ya uvivu. Mtoto wa barabarani asirudishwe nyumbani kwa haraka kabla ya kujua kwa nini alitoka. Nendeni pamoja na watu wa DIVAS, kwa sababu kumrudisha kwa anayempiga ni kumtuma tena barabarani. Na protokole wapewe agizo lingine: mwombaji akitaka kuingia katika ibada, aonyeshwe kiti. Si chini karibu na miguu (Yakobo 2:3). Kiti.

Wapentekote, tukumbuke tulikotoka. Mwaka 1906, katika mji wa Los Angeles kule Marekani, Mungu alimtumia William Seymour, mtoto wa watu waliokuwa watumwa, katika jengo chakavu la Azusa Street lililokuwa limetumiwa kama zizi. Wafanya kazi wa nyumbani na mafundi waliketi pamoja na wakubwa. Kanisa lililozaliwa kati ya watu wa chini, leo litawaonea haya watu wa chini?

Na hapa kwetu Kivu tunamjua daktari Denis Mukwege, aliyepewa tuzo ya Nobel ya amani mwaka 2018. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kipentekoste wa Bukavu. Daktari mwenyewe ameeleza kwamba alipokuwa mtoto alifuatana na baba yake kwenda kumwombea mtoto mgonjwa, akamuuliza kwa nini hakumpa dawa. Baba akamjibu kwamba yeye ni mchungaji, si daktari. Mtoto akaamua kuwa yule atakayetoa dawa. Baba hakuacha kuomba, na mwana hakudharau maombi. Hospitali ya Panzi, iliyoanza mwaka 1999 chini ya kanisa la CEPAC, ni tunda la vyote viwili. Ndivyo Yakobo anavyosema: kumwambia mwenye njaa "nenda kwa amani, ushibe" bila kumpa kitu hakufai (Yakobo 2:15-16).

Wengine watasema: hata tukifanya hayo yote, waombaji hawataisha. Ni kweli. Musa alisema maskini hawatakoma katika inchi (Kumbukumbu la Torati 15:11). Lakini angalia anavyomalizia. Hakusema, "Kwa hiyo acheni." Alisema, kwa sababu hiyo fungua mkono wako. Na Yesu aliporudia neno hilo aliongeza kwamba wakati wowote tukitaka, tunaweza kuwatendea mema (Marko 14:7). Wakati wowote. Hata siku ya Mungu inayokuja, mbele ya mlango.

MASWALI KWA SELI ZA MAOMBI

1. Ni nani anayeomba karibu na kanisa letu? Tunajua jina lake na mahali anapolala?
2. Katika maneno sita tuliyoyachunguza, ni lipi unalolisema zaidi? Biblia inakujibu nini?
3. Je, katika kartie yetu kuna mtoto anayeitwa mchawi? Ni mtu mzima gani atakayesimama upande wake juma hili?
4. Seli yetu inaweza kutoa nini kila mwezi, bila kumlemea yeyote?

Tuombe: Bwana Yesu, wewe uliyekuwa tajiri ukawa maskini kwa ajili yetu, fungua macho yetu tuwaone, fungua masikio yetu tuwasikie, fungua mikono yetu tuwape. Linda watoto wanaolala inje usiku huu. Rudisha amani katika inchi yetu, ili kila mtu alime shamba lake na kula jasho lake. Kwa jina lako tumeomba, Amina.